Klabu ya wapiga picha Dar: ratiba ya mwaka na wazungumzaji waalikwa tuvipangeje?

Lenzi50

Habari za jioni wakuu.

Naomba msaada wa wanaojua kuendesha klabu za picha. Yetu ina wanachama 22, nusu wana kamera na nusu wanatumia simu. Alhamisi ya kwanza ya mwezi tunakutana ukumbini Upanga, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Jumamosi moja kwa mwezi tunatoka kupiga picha mtaani. Ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi, kwa hiyo wote wakilipa tunakuwa na 220,000, na ukumbi unachukua 80,000.

Shida ni hii. Akija mzungumzaji mwalikwa watu wanajaa, anaonyesha kazi zake, tunapiga makofi na picha ya pamoja, tunatawanyika. Mwezi unaofuata picha za wanachama ni zilezile. Matembezi nayo yamegeuka kuwa watu 20 wanaomzunguka muuza ndizi mmoja. Na projekta inazififisha picha mpaka mwenye picha anaanza kujitetea kabla hajaulizwa.

Naomba kujua: mzungumzaji apewe maelekezo gani kabla hajaja? Matembezi yapangwe vipi kulingana na mwanga wa hapa Dar? Na mwishoni mwa msimu tunataka maonyesho ya picha 30, tuanze lini na tujihadhari na nini? Ratiba mpya inaanza Oktoba.

ChumbaChaGiza

Mkuu Lenzi50, usimlaumu mgeni. Mtu akiombwa "aje atuzungumzie kazi yake" atazungumzia kazi yake, na ndicho alichoombwa. Ninyi mwiteni aje kutazama picha zenu. Zake ziwe za kufungulia mlango.

Utaratibu unaozaa matunda ni huu. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, mzungumzaji anatuma zoezi moja kwa wanachama, sentensi mbili zinatosha. Mpiga picha wa gazeti anaweza kusema: "Nileteeni mtu akiwa kazini, picha mbili, moja ya karibu na moja inayoonyesha mahali, na hakuna anayetazama kamera." Kila mwanachama anatuma mbili. Watu 22 ni picha 44. Kamati inachagua 12, na hapa ndipo wengi wanapokosea: msichague 12 nzuri kuliko zote. Chagueni zenye matatizo tofauti. Moja nguzo inaota kichwani kwa mtu, moja imeungua kwa mwanga kuzidi upande wa dirisha, moja wazo ni zuri ila mpigaji alisimama mbali, na mbili tatu zilizofaulu.

Muda upangeni hivi: mzungumzaji dakika 35 kwa kazi zake, mapumziko 10, kisha picha 12 za wanachama kwa dakika 4 kila moja, yaani 48. Jumla ni 93. Katika saa zenu mbili zinabaki 27 za kufungua, matangazo na foleni ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi itakayomchelewesha mtu.

Barua ya mwaliko itoke wiki sita kabla, na iwe na mambo ambayo watu huona haya kuyaandika. Picha zisizidi 40. Katika hizo, uwepo mfuatano mmoja mzima: fremu zote alizopiga kabla na baada ya picha moja aliyoichagua, kwa mpangilio, hata zile mbovu. Hicho ndicho kipande chenye thamani kuliko hotuba yote. Chukulieni mfuatano wa fremu 14 za mvuvi anayeshona wavu. Ya kwanza imepigwa kwa mbali na dumu la njano liko nyuma ya sikio lake. Ya nne mpigaji amepiga goti, dumu limefichwa na bega. Ya tisa amesogea hatua mbili, sindano inaonekana ila mkono umefunika uso. Ya kumi na moja mkono umeshuka, uzi umenyooka, jicho limetua kwenye fundo. Tatu za mwisho mvuvi amegundua kamera na tayari anatabasamu. Mwanachama akiona hivyo anaelewa kwamba kazi ilikuwa ni kuhama na kusubiri, na kwamba kamera ya bei kubwa isingeliondoa lile dumu.

Malipo yatajwe kwenye barua. Kama ni nauli na bahasha ya 50,000, andikeni nauli na 50,000. "Tutakuona" siyo makubaliano. Andikeni pia kama mtamrekodi na video itaenda wapi, na kwamba picha zake hazitabaki kwenye kompyuta ya klabu. Kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 kazi ni mali ya aliyeitunga hata kama hajaisajili popote, na klabu ya wapiga picha ikilipuuza hilo itamfundisha nani kuliheshimu?

Saa ziandikwe kwa namna mbili. Mgeni wa nje akisoma "saa 1" atafungua kompyuta saa 7 mchana. Andikeni "saa 1 jioni (19:00, saa za Afrika Mashariki)". London iko nyuma yetu saa 2 wakati wao wa kiangazi na saa 3 wakati wao wa baridi, na wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mzungumzaji wa mtandaoni atume picha zake siku mbili kabla, mzionyeshe ninyi kutoka kwenye kompyuta yenu huku yeye anazungumza. Akizionyesha yeye kupitia intaneti zitafika zimebanwa, na vivuli vitageuka vipande vipande.

Kuhusu nani aalikwe, msijifunge kwa wenye majina. Fundi wa kamera akifungua lenzi yenye kuvu mbele ya watu, kila mmoja atanunua pakiti za silika za kunyonya unyevu kesho yake. Mwendeshaji wa mashine ya kusafisha picha ataeleza kwa nini picha zenu zinatoka nyeusi. Mwanasheria kuhusu ridhaa na mikataba ya harusi. Mwongoza watalii anayejua tabia za ndege. Na jioni moja kwa mwaka iwe ya historia, isiyo na mgeni kabisa. Anzeni na mpiga picha wa habari Mohamed Amin: alizaliwa Nairobi, akakulia hapa Dar, na kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzisha hapahapa mwaka 1963 kabla ya kuhamia Kenya. Picha zake za njaa ya Ethiopia za 1984 dunia yote inazijua, lakini vijana wengi wa Dar hawajui kwamba mtaa aliojifunzia ni huu wao.

PantoniYaKwanza

Namuunga mkono ChumbaChaGiza. Mimi niguse matembezi.

Dar iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na jua letu linashuka karibu wima. Mwanga laini wa jioni unaotajwa kwenye masomo ya Ulaya kuwa ni saa nzima, hapa ni kama dakika 25. Jua likishazama mnabaki na dakika 20 hivi za mbingu ya bluu kabla giza halijafunga. Kuchelewa kwa robo saa ni kupoteza zaidi ya nusu ya mwanga mzuri. Jua linachomoza kati ya saa 11:55 alfajiri, mwezi Novemba, na saa 12:35, mwezi Julai. Linazama kati ya saa 12:13 jioni, mwishoni mwa Mei, na saa 12:48, mwanzoni mwa Februari. Ratiba ya matembezi iandikwe kwa kufuata jua, siyo "tukutane saa 2 asubuhi" mwaka mzima. Kufikia saa 3 kivuli cha kofia kimeshameza macho ya kila mtu.

Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo baharini ni mawio. Ukitaka machweo yenye mji, panda pantoni uvuke Kigamboni, geuka utazame Posta. Juni na Julai jua linazama kaskazini kidogo ya magharibi, nyuma ya maghorofa. Desemba linakuwa limehamia kusini, upande wa bandari. Mahali ni palepale, picha ni mbili tofauti, na ni somo zuri la kurudia kituo kimoja miezi sita baadaye.

Coco Beach iwekeni siku moja kabla ya mwezi mpevu. Siku hiyo mwezi unatoka baharini mbingu ikiwa bado na mwanga, kwa hiyo uso wa mwezi na mawimbi vinaingia kwenye picha moja bila mwezi kuungua. Siku ya mwezi mpevu wenyewe unatoka karibu na machweo na giza linawahi kuingia, na siku inayofuata unatoka giza limeshaanza na utapata duara jeupe tupu. Anzeni na tundu la lenzi f/8, sekunde 1/125, ISO 400 (wepesi wa kamera kuona mwanga), halafu mtazame histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa mwanga na giza, na kurekebisha. Kumbukeni siku hizo ni za bamvu: maji yanajaa sana alasiri, na jioni bado yatakuwa juu. Stendi isisimamishwe kwenye mchanga mbichi, itazama taratibu na picha itatikisika bila nyinyi kuona. Mkitaka miamba na vidimbwi, njooni siku za bamvu saa 4 hadi 5 asubuhi maji yakiwa yamekupwa, na mkubali mwanga mkali.

Masika, Machi hadi Mei, msiyafute matembezi ila yawe mafupi na karibu na paa. Mwanga wa mawingu ni mzuri kwa nyuso, na barabara yenye maji inaakisi taa za mwendokasi. Baada ya mvua kamera ikitoka kwenye kiyoyozi inapata ukungu mara moja. Iacheni ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto la nje. Kufuta kioo kwa fulana kunahamisha tu maji na kubandika chumvi.

Sasa lile kundi la watu 20. Gaweni makundi ya watu watano, kila kundi na kiongozi, njia tofauti, na mahali pamoja pa kumalizia. Mfano: mnakutana mbele ya kanisa la Azania Front dakika 20 kabla ya mawio. Kundi la kwanza linaelekea Feri, la pili linafuata barabara ya Sokoine kuelekea stesheni ya zamani, la tatu linapanda Samora hadi Sanamu ya Askari, la nne linabaki ufukweni. Saa 2 na nusu wote mnakaa kwa mama ntilie, kila mtu anaonyesha picha tatu tu kwenye kioo cha kamera au simu. Hicho kikao cha chai ndicho kinachofanya watu warudi.

Feri ni lazima mzungumze na uongozi wa soko siku mbili tatu kabla, mseme mko wangapi na mnatoka klabu gani. Mnada wa samaki unakwenda kasi na sakafu inateleza. Msimame upande mmoja, msizuie wabeba matenga, na msipige flashi kwenye nyuso za wanaopiga bei. Ikulu iko palepale karibu: kamera isielekezwe huko, wala kwa askari, wala kwenye geti lolote lenye ulinzi. Kwenye pantoni na madaraja ombeni ruhusa kwanza, mkikataliwa shukuruni muondoke. Droni bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga haipandi, na katikati ya mji msiifikirie kabisa.

Kuomba ruhusa kwa mtu kuna lugha yake. Salamu kwanza, "shikamoo" kwa mkubwa, ulizia biashara, nunua kitu kama unahitaji, kisha "mama, naomba nikupige picha ukiwa unakaanga". Akisema hapana ni hapana. Mtoto, mtafute mzazi. Ukimwahidi mtu picha, mletee. Kusafisha picha ndogo ni bei nafuu, na mzee aliyeletewa yake mtaa mzima utakufungulia milango. Picha ikienda kwenye tangazo, chukueni ridhaa ya maandishi, maana tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 mazoea ya "alikubali kwa kichwa" hayatoshi.

Usalama: mkanda wa kamera upite kifuani, simu ishikwe kwa mikono miwili na upande wa ukutani, kwani wanyakuzi wa pikipiki wanatoka upande wa barabara. Hakuna anayebaki peke yake nyuma kubadilisha lenzi.

Fundi_Projekta

Kwenye projekta kuna mambo matatu yanayoharibu, na yote yanatibika kabla ya kununua mpya.

La kwanza ni ukumbi. Saa 12 jioni bado kuna mwanga nje. Projekta ya lumeni 3,000 kwenye chumba chenye madirisha wazi haiwezi kuonyesha nyeusi, kwa sababu nyeusi kwenye projekta ni ukuta wenyewe usiomulikwa. Pazia nzito, au anzeni na matangazo na mzungumzaji aanze kuonyesha saa 1. Ukuta wa krimu utafanya kila ngozi iwe na homa ya manjano. Tumieni shuka jeupe lililovutwa likanyooka, au skrini ya kweli.

La pili ni mpangilio. Kwenye menyu ya projekta ondoeni hali ya kung'aa, ile inayosukuma kijani ili ionekane ina nguvu, mchague ya sinema au sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini. Kisha tengenezeni picha ya majaribio: ukanda wa visanduku 21 kutoka nyeusi hadi nyeupe. Vitatu vya mwanzo vikiungana kuwa giza moja, ongezeni mwangaza kidogo. Vya mwisho vikiungana kuwa cheupe, punguzeni kontrasti. Dakika 10 tu, na ifanyike kila mkutano, kwa sababu taa ya projekta inazeeka na watu wanagusa vitufe.

La tatu ni faili. Tangazeni kipimo kimoja: JPEG, sRGB, upana usiozidi pikseli 1,920 na urefu usiozidi 1,080. Picha ya wima kwa hiyo itakuwa na urefu wa 1,080. Mkipokea kwa WhatsApp, zitumwe kama dokumenti. Zikitumwa kama picha zinabanwa. Aliyehariri kwa mfumo mwingine wa rangi, Adobe RGB, na kusahau kubadilisha ataona rangi zake zimefifia kama nguo iliyoanikwa juani wiki nzima, na atailaumu projekta. Jina la faili liwe namba ya mwanachama na namba ya picha, mfano 07_1, jina la mtu lisiwepo, ili anayechambua asijue ni ya nani.

Umeme ukikatika: projekta inakula kama wati 250 na kompyuta 60, yaani 310. Betri ya gari ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu, lakini ukiitumia zaidi ya nusu unaiua, na inverta inakula sehemu. Mnabaki na kama 500, yaani saa moja na nusu. Inatosha kumaliza kipindi. Inverta iwe ya mawimbi safi, na iunganishwe tangu mwanzo, siyo baada ya kukatika: projekta ya taa ikizimwa ghafla feni inasimama huku taa bado ina moto mkali, na hapo ndipo taa hupasuka.

Lenzi50

Shukrani sana wakuu. Hilo la kuchagua picha zenye matatizo tofauti limenifungua macho. Mashindano je? Wanachama wanataka kila mwezi.

PantoniYaKwanza

Kila miezi mitatu. Kila mwezi watu wanaanza kupiga picha za kumfurahisha mwamuzi, na wasioshinda mara tatu mfululizo hawarudi.

Waamuzi watatu, angalau wawili kutoka nje ya klabu. Kwanza waonyeshwe picha zote haraka, sekunde 4 kila moja, bila kutoa alama, ili wajue kiwango cha siku. Bila hivyo picha tano za mwanzo zinapewa alama za woga. Halafu mzunguko wa pili, kila mmoja anaandika alama yake bila kuzungumza na mwenzake. Alama zikitofautiana sana kwa picha moja ndipo wajadiliane. Tano za juu zileteni na faili la RAW, lile ghafi la kamera lisilohaririwa, au, kwa simu, faili la asili. Hiyo inamaliza mabishano ya picha za kutengenezwa na kompyuta. Kipengele cha wanyama na mazingira kiwe na sheria kali: kukata ukingo na kurekebisha mwanga ruksa, kuongeza, kuondoa au kuhamisha kitu marufuku. Ndivyo wanavyofanya FIAP, shirikisho la kimataifa la sanaa ya picha, na PSA, chama cha picha cha Marekani, na mwanachama akitaka siku moja kutuma kazi huko hatakuwa mgeni.

ChumbaChaGiza

Hapo natofautiana kidogo na PantoniYaKwanza. Alama bila maneno hazimfundishi mtu. Picha 40 kwa sekunde 90 kila moja ni saa moja kamili, na muda huo mnao. Kila mwamuzi aseme sentensi moja kwa picha aliyopangiwa: kitu kimoja anachoona, siyo "nzuri" wala "mbaya". "Jicho langu linakwenda kwenye begi jekundu kabla ya uso" ni maoni. "Ingependeza zaidi" siyo.

Bi_Fremu

Niongeze ya maonyesho maana huko ndiko fedha zinapopotelea.

Anzeni miezi minne kabla. Mwezi wa kwanza ni wa kuchagua, wa pili wa kusafisha za majaribio, wa tatu wa kusafisha za mwisho na kuweka fremu, wa nne wa ukumbi, maelezo na mialiko. Kumbi za kuulizia ni Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert, Nafasi Art Space Mikocheni, Goethe-Institut na Alliance Française huko Upanga. Ulizeni mapema, kalenda zao zinajaa.

Vipimo: kamera nyingi zinatoa uwiano wa 3 kwa 2. Karatasi ya A3, milimita 420 kwa 297, siyo uwiano huo. Mkimwambia mwendeshaji "nijazie karatasi" atawakatia miguu. Chagueni inchi 12 kwa 18, inaingia kamili bila kukata. Kwa pikseli 300 kwa inchi hiyo ni 3,600 kwa 5,400, kamera ya megapikseli 24 inafika bila shida. Simu ya megapikseli 12 ina kama 4,000 kwa 3,000, uwiano wa 4 kwa 3. Iwekeni inchi 12 kwa 16 kwa pikseli 250, na kwa umbali wa kutazama ukutani hakuna atakayeona tofauti. Msichanganye zaidi ya saizi mbili kwenye ukuta mmoja.

Picha kutoka nyeusi kuliko kwenye kompyuta ndilo lalamiko la kila mwaka. Sababu ni skrini kuwekwa mwangaza wa juu kabisa. Karatasi haiwaki. Punguzeni mwangaza wa skrini mpaka karatasi nyeupe iliyoshikwa kando yake chini ya taa ya chumba ifanane nayo, ndipo mhariri. Kabla ya kusafisha zote 30, safisheni picha moja ndogo yenye vipande vitano: kama ilivyo, kisha imeongezwa mwanga kwa theluthi moja ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili), theluthi mbili, stopu nzima, na moja iliyopunguzwa. Itazameni mchana karibu na dirisha na usiku chini ya taa za ukumbi. Mwambieni mwendeshaji azime marekebisho ya moja kwa moja ya mashine, la sivyo mashine itaiosha kila picha ya usiku mpaka iwe kijivu.

Fremu na unyevu wa Dar: picha isigusane na kioo. Katikati iwepo kadibodi yenye dirisha, unene wa milimita 2 au zaidi, au vijiti vyembamba pembeni. Ikigusana, unyevu unaibandika na haitatoka bila kuchanika. Picha ishikwe kwa tepu juu tu, sehemu mbili, ining'inie kama nguo kwenye kamba. Ukiibana pande zote nne, karatasi ikivuta unyevu inatanuka, haina pa kwenda, inafanya mawimbi. Tepu ya kawaida ya pande mbili inalainika kwa joto na siku ya tatu picha imeporomoka ndani ya fremu. Nyuma fungeni kwa tepu ya karatasi kuzuia vumbi na wadudu.

Kutundika: katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni, zote, hata kama saizi zinatofautiana. Pimeni katikati, msipime ukingo wa juu. Nafasi kati ya picha na picha isipungue sentimita 15. Taa ije kutoka juu kwa mshazari, na kabla ya kugonga msumari mmoja asimame pale watazamaji watakaposimama aone kama kioo kinarudisha mwanga wa dirisha. Maelezo chini ya picha yawe kwa Kiswahili kwanza: nani kapiga, wapi, mwaka gani. Aliyepigwa akitajwa, ajue.

Lenzi50

Nimenakili kila kitu. Swali la mwisho: Oktoba tuanze na zoezi gani? Mgeni wetu wa kwanza ni mpiga picha wa harusi.

PantoniYaKwanza

Oktoba ina zawadi yake. Tarehe 10 hivi jua linapita utosini hasa hapa Dar, saa 6 na dakika 10 mchana. Nguzo ya taa inakosa kivuli. Hutokea tena tarehe 3 au 4 Machi, saa 6 na dakika 35, ila hapo mawingu ya masika yanaweza kuwa yameanza.

Mpiga picha wa harusi ndiye mtu wa kuwafundisha mwanga huo, maana bwana na bibi harusi wanatoka kanisani au msikitini saa hizohizo na haiwezekani kuwaambia wasubiri jioni. Zoezi liwe: uso wa mtu mmoja, nje, kati ya saa 5 na saa 7 mchana, bila flashi, macho yaonekane. Picha mbili kila mtu. Watagundua wenyewe kibaraza cha duka, ukuta mweupe wa ng'ambo unaorudisha mwanga, turubai la bluu linaloipaka ngozi ubluu, kanga iliyoshikwa juu na watu wawili. Tangazeni tarehe 1, mkutano wenyewe usogezeni uwe Alhamisi ya nne ya mwezi, ili wapate wiki tatu na ile siku ya utosini iangukie ndani yake.

Bi_Fremu

Na kila mmoja achore kwenye daftari alisimama wapi, jua liko wapi na ukuta uko wapi. Mgeni ataomba hivyo vichoro kabla ya kuomba picha.